Koti la Baba na Viganja vya Buluu

Jamani, aibu hii ni yangu mwenyewe, maana yule mama muuza rangi sokoni Kasulu alinionya vizuri tu: "Mwana wanje, chemsha na chumvi, usije ukalia." Mimi nikamjibu kwa kiburi, "Mama, nimesoma kemia." (Nilichokumbuka ni kwamba naftalini na rangi nyingi za viwandani ni ukoo mmoja, basi nikajiona fundi.)

Nilikuwa nakwenda Muyama kujitambulisha kwa kina Yoranda, mchumba wangu, nikataka kuvaa koti la marehemu baba. Lilikuwa limelala sandukuni miaka, linanuka vile vidonge vyeupe vya naftalini alivyovipenda mno, harufu ambayo hadi leo ndiyo baba kwangu, ila mabega yalishapauka. Basi nikanunua rangi ya unga, ile buluu ya kina mama wa mikeka, nikaikoroga kwa maji baridi kwenye beseni (ningechemsha saa ngapi, pikipiki iko mlangoni?), nikaloweka, nikaanika kidogo, nikavaa.

Njiani manyunyu yakatupata.

Sasa, mnajua salamu ya kwetu, hakuna kupungiana mkono kwa mbali, mtu anakushika mikono, anakukumbatia, anakuuliza habari za nyumbani mpaka za ng'ombe. "Mwakeye!" nikawaamkia wote, baba mkwe na shati lake jeupe, shangazi wawili, mchungaji, na mwisho bibi yake Yoranda, kavaa kitenge cheupe cha kanisani, nikamkumbatia kwa mikono miwili kweli kweli. Alipogeuka kwenda kukaa, viganja vyangu viwili vya buluu vilikuwa mgongoni mwake, vidole vyote kumi.

Baba mkwe akatazama shati lake, akanitazama mimi, nami nikajua mke nimeshamkosa. Shangazi mmoja akaniuliza, "Wewe umetumwa na nani?" Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akajipapasa mgongo, akavuta kitenge akakitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Mwacheni. Huyu hata akitoroka, hawezi kukana kwamba alifika."

Alikataa kukifua kwa sabuni kali. Alikivaa hivyo hivyo kwenye harusi yetu, akiwageuzia watu mgongo waone.

Tangu siku hiyo sijatia rangi hata soksi, na sitatia. Koti lilipauka tena. Bibi naye ametuacha, kitenge chake tumekitunza kwenye lile sanduku la baba, na naftalini naweka mimi. Nikifunua, viganja bado vipo.