Kiti Mlangoni kwa Hawe Kadzo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa pale Vitengeni, mwalimu wa shule ya Jumapili, na nilijiona nayajua yote ya Mungu. Usinicheke, nawe umri wako ni huo huo.

Asubuhi hiyo niliwafundisha watoto ahadi niipendayo kuliko zote: kwamba Mungu ataitawala dunia, vita vitakwisha, na wazee watakaa nje na mikongojo yao bila hofu, watoto wakicheza mbele yao. Nilieleza vizuri mpaka nikajifurahisha mwenyewe.

Nilipotoka nikamkuta jirani yetu, Hawe Kadzo, ameketi chini ya dirisha akisikiliza. Hawe kwetu ni bibi, na ndivyo tulivyomwita sote. Ndiye aliyenifundisha kusuka makuti, na utotoni nilikula kwake kuliko nyumbani. Lakini mwezi ule mtoto wa jirani mwingine alikuwa amefariki kwa homa, na mpwa wa Hawe, aliyelitamani shamba lake, akawa ananong'ona kwamba bibi ni mchawi. Kwetu mvi peke yake zilitosha mzee kuitwa mchawi, na kwa hofu Hawe alikuwa amezipaka zake rangi nyeusi. Rangi nyingine ilikuwa imemchuruzikia masikioni.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Habari yako imenipendeza. Dunia hiyo iko mbali?"

"Siku yake aijua Mungu."

"Sawa. Na huyo bibi mwenye mkongojo, anakaa na nani pale nje?"

Nikageuza macho kuitazama njia ya kwetu.

"Nakuuliza kwa sababu zamani ulipita kwangu kila siku. Sasa wapitia nyuma ya zizi. Nakuona. Nisingependa hata katika dunia ya Mungu uwe unanizunguka."

Alisema bila hasira, akanipangusa vumbi begani kama nilipokuwa mdogo. Afadhali angenipiga. Sikuamini hata kidogo kwamba ni mchawi, mwanangu. Niliogopa tu watu wasije wakaniweka upande wake.

Kesho yake nikabeba kiti na ungo wa kunde, nikaketi mlangoni kwake, mahali ambapo kila mpita njia angeniona. Siku ya tatu, alasiri, yule mpwa akaja na vijana wanne wenye mapanga. Nilitetemeka hadi kunde zikamwagika.

"Ondoka hapo, dada," akasema. "Haya hayakuhusu."

"Yananihusu. Huyu ni bibi yangu."

Sauti ilitoka ndogo sana, lakini mama alinisikia kutoka kwetu. Akaja na kigoda chake, akaketi kando yangu, akaanza kuziokota kunde. Akaja shangazi, wakaja majirani wawili. Mmoja wa wale vijana akamwamkia mama shikamoo, akageuka, akaenda zake, na wenzake wakamfuata. Mpwa akabaki peke yake mbele ya wanawake watano wanaochambua kunde. Naye akaondoka. Baadaye wazee wakamwita barazani wakamkataza shamba lile, na Hawe akaishi miaka mingi, akafia kitandani mwake kwa uzee.

Mwanangu, kuiweka dunia yote sawa ni kazi ya Mungu, na ataifanya. Mimi naamini hivyo kuliko nilivyoamini nikiwa binti. Lakini usiitaje ahadi hiyo kwa mdomo huku miguu yako ikimkwepa jirani. Akisingiziwa mtu, usingoje kwanza uone wengi wako upande gani. Nenda ukakae naye, hata ukitetemeka. Mimi nilitetemeka, na ilitosha.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe moyo usiotishwa na maneno ya watu, na siku atakapoileta amani yake, akukute umeshaizoea.