Mahindi Yaliyotangulia Jembe la Mama Mkwe

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku yangu ya harusi. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye shamba la watu huko Nyakach, nang'oa miche michanga ya mahindi mmoja mmoja kwa mkono wangu, na boma zima limesimama kando linanitazama. Mahindi yenyewe nilikuwa nimeyapanda mimi. Yalikuwa yameota vizuri ajabu, hakuna hata shimo moja lililobaki tupu.

Hebu keti, weka simu chini, nikueleze. Jumatatu unakwenda kule kule, na tangu ufike hapa naona una haraka niliyokuwa nayo mimi.

Usidhani sikufurahi uliponiambia mchango umetimia. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu, baba yenu mdogo, akauliza kuna nini. Watu wa Milimani, watu wa Nairobi, wengine wako ng'ambo na hawajawahi kukuona kwa macho, wamekutumia pesa kwa simu ili wewe na wenzako wa Nyamasaria mkakae na wakulima msimu mzima, mkasaidiane nao kuurudishia udongo nguvu zake, na wala hamlipwi hata shilingi. Hilo ni jambo la kujivunia, na mimi najivuna kwa niaba yako kanisani kila Jumapili, waulize. Lakini usije ukaniambia mmelianza nyinyi. Sisi tulichangiwa kabla simu haijaingia mfukoni mwa mtu.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya kilimo, nina miaka ishirini na miwili na mdomo usiofungika. Katika kanisa letu la Nyalenda, mjini Kisumu, kulikuwa na mzee mmoja mtu wa Nyakach, ambaye kila mvua ikinyesha alikuwa akilalamika kwamba ardhi ya kwao inateremka ziwani. Alisema makorongo yamekula mashamba mpaka karibu na nyumba, na kwamba watu bado wanachoma mabua kila mwaka na kulima kufuata mteremko. Mchungaji akauliza kama kuna kijana anayeweza kwenda kukaa kule akawafundisha. Mimi nikasimama kabla hajamaliza kuuliza.

Basi wakachanga. Wapagazi wa stesheni, mafundi wa baiskeli, akina mama wa sokoni. Mama Pamela, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye sisi watoto tulimwogopa kwa ukali wake, alitoa mapato ya siku nzima na akaniambia anataka kuona picha ya mahindi ya kijani ikiwa imebandikwa mlangoni pa kanisa ifikapo Pasaka. Mchungaji akaniazima kamera yake. Niliondoka Kisumu nimejaa mpaka pomoni, nikijiona mimi ndiye nitakayeliokoa ziwa.

Nyakach nikapokelewa katika boma la Mama Ochieng. Huyu alikuwa mjane, ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza wa boma lile, na wanawe watatu walikuwa wamejenga humo humo na wake zao. Mama mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Alinisikiliza siku ya kwanza nilipoeleza habari za mboji, na kutochoma mabua, na kufunika udongo kwa nyasi kavu ili mvua isiupige, kisha akasema ni sawa, akaenda kukamua ng'ombe. Wake wa wanawe wawili wakubwa nao wakasema ni sawa. Miezi miwili nikahubiri, na kila mtu akaniambia ni sawa, na hakuna aliyefanya kitu.

Isipokuwa Auma. Auma alikuwa mke wa yule mdogo, umri wetu ulikuwa karibu sawa, mumewe akifanya kazi kiwanda cha sukari na kurudi mwisho wa mwezi. Alikuwa na watoto wawili na kipande cha shamba kilichokuwa kimechoka kuliko vyote, karibu kabisa na korongo. Tulichimba naye mashimo, tukabeba mboji kwa karai, tukakata nyasi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alifanya kazi ile huku akicheka, na mimi nikampenda kama dada yangu.

Mvua ikaja. Na siku mbili kabla ya mvua, Mama Ochieng akapata habari kwamba dada yake amefariki upande wa Kendu Bay, akaenda mazikoni.

Wewe umezaliwa hospitali kubwa na kulelewa kwenye nyumba ya vigae, kwa hiyo nitakueleza. Katika boma la Wajaluo watu hawapandi tu kwa sababu mvua imenyesha. Mama wa boma ndiye anayetoa mbegu kwanza. Akishapanda yeye, anafuata mke wa mwana mkubwa, kisha wa pili, kisha wa mwisho. Hadi yeye atie jembe, wengine wanakaa. Mimi sikuwa mgeni wa jambo hili, mwanangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hivyo hivyo. Nilijua.

Lakini mvua ilikuwa inanyesha, Pasaka inakaribia, na kamera ya mchungaji iko ndani ya begi. Siku ya nne ya mvua nikamwambia Auma tupande. Akakataa, akasema mama hajatoa mbegu. Nikamwambia hii si kupanda, hii ni maonyesho, ni kama ubao wa shule, na hakuna mwiko wa ubao wa shule. Loo! Kichwa changu kilikuwa kimesoma jamani. Auma akanitazama, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kabisa. Kwa kuwa aliniheshimu, akaenda kuleta mbegu.

Mahindi yalitoka siku ya saba baada ya kupanda, nikayapiga picha kutoka kila upande. Siku ya tisa Mama Ochieng akarudi kutoka mazikoni, akiwa bado na vumbi la safari, akapita kando ya korongo, akaona shamba la mke wa mwisho limekuwa kijani huku lake mwenyewe halijaguswa.

Yeye akaingia nyumbani kwake. Waliosema ni wanawe wawili wakubwa. Walikuja juu, wakataja chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomfuata mtu aliyevunja mwiko na kuwamaliza watoto wake. Wakasema Auma amemtangulia mama yao kana kwamba mama amekwisha kufa, na kwamba achukue watoto arudi kwao mpaka mume aje na jambo litengenezwe. Wake wenzake wakaacha kuzungumza naye pale pale. Nilimwona akikunja nguo za watoto na kuzitia kwenye leso, na hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Usiniulize kama mimi naamini chira. Mimi ni mama wa kanisa. Ninachokuambia ni kwamba Auma aliamini, na watoto walikuwa wake.

Asubuhi iliyofuata Mama Ochieng akaniita nyumbani kwake. Akaniwekea uji, akakaa, akaniuliza swali moja.

"Ulijua?"

Ningeweza kudanganya kwamba mimi ni mtoto wa mjini. Nikasema, "Nilijua, mama."

Akatikisa kichwa. "Kama ungekuwa hukujua, ningekupa chakula cha njiani uende kwenu salama. Kwa sababu ulijua, utakaa." Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau mpaka mvi zimeota: "Wewe una nauli ya kurudi, watu wako walikuchangia. Jambo likiharibika hapa, unapanda gari. Auma atapanda nini?"

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka uji ukapoa. Yule mama aliniacha nilie, hakunibembeleza, alipoona nimemaliza akaniambia la kufanya. Niende kwa wanawe, niseme kwa mdomo wangu kwamba wazo lilikuwa langu, na kwamba Auma alikataa nikamlazimisha. Kisha niyang'oe mahindi yote mwenyewe, mchana, watu wakiona, ili shamba lile lihesabiwe kwamba halijapandwa.

Nikaenda nikakiri mbele yao, na ndiyo maana ulinikuta magotini mwanzo wa hadithi hii. Nikang'oa mche mmoja mmoja kuanzia saa mbili mpaka jua likafika utosini. Auma alitaka kunisaidia, mama mkwe wake akamwambia akae kivulini. Nilipong'oa mche wa mwisho, nikaubeba mzigo wote nikautia kwenye lundo la mboji, na yule mwana mkubwa, ambaye tangu jana hakuwa amenitazama, akaniletea maji ya kunawa. Auma akafungua leso akarudisha nguo za watoto ndani.

Mimi nilidhani kazi yangu Nyakach imekwisha. Nikaanza kufunga begi. Kumbe kulikucha tu, nikamsikia Mama Ochieng mlangoni, jembe begani na kibuyu cha mbegu mkononi, ananiambia twende shambani kwake.

"Sasa nifundishe mimi," akasema. "Hukuwahi kunifundisha. Ulinihubiria tu."

Na alisema kweli. Miezi miwili nilikuwa nikiwapigia watu wote kelele kwa pamoja, na sikuwahi kwenda kuinama katika shamba la yule ambaye wengine wote walikuwa wakimngoja. Tukachimba mashimo, tukatia mboji, tukapanda, tukafunika kwa nyasi. Alinikosoa kwa mambo mengi pia, maana alijua maji ya mteremko ule yanapita wapi kuliko kozi yangu yote. Tulihamisha mstari mzima wa matuta ya kukinga maji kwa neno lake.

Sasa sikiliza jambo lililonifundisha. Kesho yake mke wa mwana mkubwa alipanda. Alipanda vile vile alivyopanda mama mkwe wake, shimo kwa shimo, nyasi kwa nyasi, na hakuna aliyemwambia. Kesho yake wa pili. Kisha Auma. Wiki haijaisha boma zima limefunikwa, na majirani ambao kwao Mama Ochieng alikuwa mkubwa wakaanza kuja kuuliza. Ule utaratibu niliouona ni kizuizi ndio ulioibeba kazi yangu kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Mvua kubwa iliponyesha mwezi uliofuata, maji yaliteremka mekundu kila mahali, lakini kwetu yaliingia ardhini. Nilisimama mvuani nikitazama nikapiga vigelegele peke yangu. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinajaa.

Pasaka nikarudi Nyalenda na picha. Sikuleta zile za kwanza. Nilileta moja tu ya Mama Ochieng na jembe lake, nikasimama mbele ya kanisa nikawaeleza yote, pamoja na yale mahindi niliyong'oa, maana pesa ile ilikuwa ni jasho lao. Kisha Mama Pamela, yule mkali wa omena, akasema kutoka kiti cha nyuma: "Kwani wewe ulidhani sisi hatuna mama mkwe?" Kanisa likacheka hadi mchungaji akashindwa kuomba. Na walichanga tena, ili nirudi msimu wa pili.

Sasa wewe. Wanaokuchangia wengi hawana mama mkwe Nyakach, hawatajua cha kuuliza. Watataka video, watataka kijani, tena upesi. Wape ukweli. Waambie bado tunangoja, mama wa boma amekwenda mazikoni. Atakayekasirika kwa hilo, mwache akasirike, hakuwachangia wakulima huyo. Ukifika, kabla hujafungua mdomo kuhusu udongo, uliza ni nani anayetia jembe kwanza, ukainame katika shamba lake. Na kila utakapomshawishi mtu ajaribu jambo jipya, jiulize yeye atakwenda wapi likimharibikia, kwa sababu wewe utarudi Kisumu na yeye atabaki na majirani zake.

Mama Ochieng alishalala, Mungu amrehemu. Auma ana boma lake sasa, yeye ndiye anayengojwa na wake wa wanawe, na udongo wake ni mweusi, unashika mkononi. Huko ndiko utakakokaa, nimekwisha kuzungumza naye. Lakini kuna jambo ambalo sijawaambia hata watoto wangu wa kuzaa. Msimu ule wa pili, wake wote watatu walipomaliza kupanda, Mama Ochieng aliniita akanionyesha nafasi ukingoni mwa shamba, mstari mmoja, akasema, "Wewe unamfuata Auma. Usisahau tena." Sijawahi kupewa cheti kinachokaribia hicho. Kila mwaka tangu hapo nimekwenda kuupanda mstari wangu, na boma halisemi limemaliza mpaka nipande.

Mwaka huu magoti yamekataa. Nenda mwanangu, Mungu akutangulie, mikono yako iwe na baraka na kila nyumba ikufungulie. Ngoja Auma apande. Ngoja wake wa wanawe wapande, wote, hata yule mdogo kabisa. Kisha upande mstari wangu.