Maksai Mweupe wa Mzee Erot

Kila muhula huja mwanafunzi mmoja na daftari. Muhula huu amekuja Hoda, binti wa fundi cherehani wa hapa mjini, na daftari lake limejaa mpaka kwenye jalada.

"Salaam aleikum, mwalimu Abdighani. Niko na gemu moja noma sana," akaniambia, na kabla sijavuta kiti akawa ameshanitoa Isiolo hadi Moyale: wachezaji elfu moja kwa wakati mmoja, vita na majini, harusi, soko, mafuriko. Hajawahi kuandika hata programu ya kujumlisha mbili na mbili. Nikamwambia ninachowaambia wote: tengeneza kitu kimoja kinachotembea, umwonyeshe mtu mmoja, halafu urudi. Akaninunia. Wananiona mchoyo wa ndoto, na mimi huwaacha waamini hivyo, kwa sababu ukweli wenyewe unanitia aibu. Ushauri huo niliupata kwa mlinzi wetu wa lango, na alikuwa amekwisha kufa nilipouelewa.

Mzee Erot alitoka upande wa Kipsing baada ya ukame kummalizia mifugo yote. Alifika hapa kwenye chuo chetu cha kompyuta, ghorofa moja nyuma ya soko, na rungu, koti zito la mtumba na kigoda chake cha mbao ambacho hakuna mtu mwingine aliyethubutu kukikalia. Alikuwa mlinzi mbaya, niseme tu. Wageni aliwapitisha bila kuwauliza wanakwenda wapi, ila ukipita bila kumsalimia alikufuata mpaka kwenye ngazi akikugombeza. Raha zake zilikuwa mbili: ugoro, na maksai wake aliyekufa.

Maksai huyo aliitwa Lokwang', yaani mweupe. Kwa Waturkana, mwanamume huwa na maksai mmoja wa roho yake. Humtungia wimbo, humpinda pembe angali mdogo ziote anavyotaka yeye, na wenzake wa rika humwita mtu huyo kwa jina la mnyama wake. Pembe ya kulia ya Lokwang' ilielekea mbele, ya kushoto ilirudi nyuma. Erot alipoimba wimbo wake aliinua mikono juu ikawa ndizo pembe, akaruka nayo katikati ya ua, mchana kweupe, wanafunzi wakimcheka kutoka madirishani. Hakuwajali hata kidogo.

Siku hizo na mimi nilikuwa na daftari. Gemu yangu ingekuwa na kaunti nzima, kila kisima na kila bonde, na mvua inayonyesha kwenye simu siku inayonyesha kweli. Lakini mimi ni mtoto wa mjini. Familia yetu ni ya malori tangu babu alipoacha jeshi la wazungu, na ng'ombe nawajua zaidi kwa supu. Kwa hiyo nilimwendea Erot anieleze mambo ya malisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema ugoro, akauliza swali moja tu.

"Lokwang' itakuwa ndani?"

"Itakuwa ya kwanza, mzee."

Afadhali ningeuma ulimi. Aliinuka palepale akaimba, nikarekodi. Akainua mikono, nikampiga picha kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Siku ya soko la Oldonyiro akaomba ruhusa, akapanda gari la mbuzi, akaenda kuwatangazia wenzake wa rika kwamba watamwona Lokwang' kwa macho yao akitembea ndani ya simu. Mmoja wao, Lodio, mzee mwenye mdomo, alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila Lodio aliposhuka mjini na mifugo alipita langoni kuuliza yule maksai wa simu amezaa ndama wangapi. Erot alimjibu kwa kiburi kwamba angoje. Alikuwa ameweka neno lake mbele ya rika lake, na neno hilo lilikuwa mikononi mwangu.

Mimi nikaanza na mvua. Miezi mitano ya mvua! Halafu majani yanayolala upepo ukipita. Halafu menyu kwa lugha sita, katika gemu ambayo haikuwa na kitu cha kuchagua. Lokwang' nilimwachia nafasi yake, nikajiambia nitamtengeneza mwisho, kwa utulivu, nchi yake ikiwa tayari. Leo nasema wazi, na anayeanza anisikie: ile mvua haikuwa kazi, ilikuwa maficho. Mvua haina mwenyewe wa kukuambia umekosea. Pembe, Erot angezitazama mara moja akasema hizi si zake, nami niliogopa kuambiwa hivyo na mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta.

Majuma ya kwanza aliniuliza, "Imefika wapi?" Nikamjibu iko njiani. Baadaye akaacha kuuliza kabisa. Ananisalimia, ananiuliza habari ya mama, basi. Nilishukuru. Nikajiambia wazee husahau. Hata hivyo nilianza kuingia chuoni kwa nyuma, kupitia kwa fundi wa rejeta za magari, mwanamume mzima mwenye diploma nikiruka madimbwi ya oili. Kama kweli niliamini amesahau, nilikuwa namkimbia nani?

Ikapita miaka miwili hivyo. Jumanne moja kigoda chake kilikuwa kitupu. Kifua kilikuwa kimembana. Binti yake Jennifer, mwenye kibanda cha chai karibu na soko la mifugo, akanipigia simu kutoka hospitalini.

"Habari, mwalimu. Mzee amelazwa. Anauliza kama utakuja na ile simu."

"Mwambie Ijumaa," nikasema.

Ijumaa mvua yangu ya kwenye gemu ilikuwa inapenya mabati na kunyesha ndani ya nyumba za watu, nikaona haya kumpelekea mgonjwa kitu kibovu. Lokwang' mwenyewe sikuwa nimemchora hata ukwato. Nikamtumia Jennifer ujumbe: wiki ijayo, inshallah. Jumatano Erot akafa.

Tulimzika kwao, upande wa Kipsing. Lodio alikuwepo, na hakutania. Tukiwa tunangoja gari la kurudi, Jennifer alikuja kusimama karibu nami kwenye kivuli cha lori, nikamwambia nilidhani mzee alishaisahau ile habari ya maksai. Akanishangaa.

"Asahau? Alitukataza kukuuliza. Alisema ng'ombe ikiwa kwa boma ya mtu, huulizi kila siku. Utaitia jicho."

Nilitamani lile lori linikanyage. Ukimya ule niliouita usahaulifu ulikuwa heshima. Alikuwa amenikabidhi mnyama wake, na muda wote alikuwa anamlinda asipatwe na jicho baya, hata jicho lake mwenyewe. Na mtu aliyejizuia hivyo kwa muda wote ule, siku moja, akiwa kitandani, aliuliza. Nikamjibu Ijumaa. Sijui masikio yangu yalikuwa na nini.

Wiki iliyofuata nilifungua kazi mpya, tupu. Sikuweka mvua, wala ramani, wala menyu. Niliweka ardhi kavu, kisima kimoja na maksai mweupe. Picha za Erot, mikono juu, nilizibandika pembeni mwa kioo cha kompyuta, nikafuata mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Mara ya kwanza alitembea kama meza. Nikarudia miguu. Alhamisi alfajiri alitoka upande mmoja wa kioo akaenda kisimani, akainama, akanywa, na wimbo ukaanza.

Nikampelekea Jennifer asubuhi hiyohiyo. Alikuwa anasukuma chapati. Alifuta mikono kwenye leso, akanimiminia chai kwanza, ndipo akaipokea simu. Sauti ya baba yake ikatoka katikati ya kelele za mbuzi na madalali. Alikaa juu ya kreti ya soda. Mkono wake wa kushoto uliinuka kidogo, ukarudi nyuma, nadhani hakujua.

"Pembe ni yenyewe," akasema. Alikuwa analia na kutabasamu. "Kumbe hii ndio ilikuwa inakusumbua miaka miwili yote. Pole, mwalimu. Hii ni kazi kubwa."

Ningeweza kuinyamazia ile pole. Kikombe kilikuwa mkononi, chai ilikuwa tamu, na hakuna mtu Isiolo nzima ambaye angejua.

"Si miaka miwili," nikasema. "Nilianza Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Ya juzi hii. Imenichukua siku nne."

Akaitazama simu. Lokwang' alikuwa amefika tena kisimani, anakunywa. Jennifer alingoja mpaka akamaliza.

"Baba alilala wodi siku tisa," akasema, akanirudishia simu.