Kocha Aliyetuvuta Kope

Kila nikisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, namwona Papa Kabeya ameketi kando ya uwanja wetu wa Shituru, mjini Likasi, suruali ameikunja hadi pajani, anachua goti lake bovu. Ujanani kiwanda cha shaba kilimwajiri kwa sababu ya miguu yake: asubuhi tanuru, alasiri mpira. Goti lilipomshinda, akawa kocha wetu sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi.

Kabla ya kila mechi alitupanga mstari, akatuvuta kope za chini kwa kidole gumba, akachungulia, ndipo akataja kumi na mmoja. Tulidhani anasoma bahati. Siku ya kucheza na watoto wa mtaa wa Kikula, mimi, winga niliyejiona hodari kuliko wote, niliachwa nje. Nafasi yangu alipewa mtoto wa Kikasai, mtu wa kwao kocha.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mjomba alikuwa uani na vijana wenzake, wale waliozunguka mitaani mwaka ule wakiwaambia Wakasai, watu wenye asili ya mkoa mwingine, warudi kwao, ingawa wengi, kama kocha, walizaliwa hapahapa Likasi. Bila kuulizwa nikasema, "Coach anachaguaka tu batoto ba kwabo."

Mjomba akawarudia wenzake maneno yangu. Nilifurahi kusikilizwa na wakubwa, nakiri kwenu. Siku ya tatu walimtoa kocha nyumbani kwake, yeye, mkewe na watoto, wakang'oa hata madirisha.

Mama alinichukua tuwapelekee bukari, ugali wetu, stesheni, walikolala wakingoja treni. Papa Kabeya akanivuta kope, kama kawaida yake.

"Mama," akasema, "huyu mutoto iko na damu kidogo. Njo maana sikumuchezesha, angeanguka. Umupikie majani ya lengalenga, ata bila mafuta."

Mishahara ya kiwanda ilikuwa imekatika, nasi tulikula mara moja kwa siku. Mama alimshukuru sana. Mimi niliona aibu.

Siku ile nilielewa habari ya damu tu, si sehemu yangu katika kufukuzwa kwake. Ukubwani nimejitetea mara nyingi kwamba wangemfukuza hata bila mimi. Huenda. Lakini katika mtaa wetu walianzia kwake, na siku walipomtoa nilisimama ng'ambo ya barabara nikawasikia wakigonga mlango, wakipaza maneno yangu, neno kwa neno.