Nilishukuriwa kwenye ugunduzi wa nondo mpya, ukoo ukaniona dalali

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Jambo hili limenitokea mwenyewe huku wilaya ya Kilosa, sikuhadithiwa na mtu. Majina ya watu nimebadilisha, na kijiji sikitaji. Mengine yote yako kama yalivyokuwa.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilimaliza form four, nikaondoka nyumbani, nikawa Geita, nikawa Tunduma, nikawa utingo wa malori mpaka magoti yakagoma. Nilikuwa nimevuka arobaini na sina hata tofali moja.

Jioni moja nilikuwa Mikumi, nimekaa nje ya gesti natazama malori yakipita. Upepo ukaleta harufu ya mashamba yanayochomwa. Nikakumbuka kwetu kiasi kwamba chakula kilinishinda. Asubuhi nikachukua bodaboda kuelekea kijijini kwetu.

Nilikuwa na ombi moja tu: kiwanja cha kujenga.

Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye kauli ni mjomba. Mjomba Mrisho ni kaka wa marehemu mama yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakitazama kibegi changu.

"Tutaongea," akasema. "Kaa kwanza tukuone."

Wakuu, kwa mtu asiyezoea kukaa mahali kama mimi, bora angesema hapana.

Nikakaa. Nikalima naye ufuta, nikaenda naye misibani. Siku moja akanionyesha sehemu karibu na barabara, akasema pale panafaa nyumba. Hakusema zaidi, ila nililala nikipanga madirisha.

Sasa, juu ya mashamba yetu kuna kipande cha msitu kisichokatwa. Makaburi ya ukoo yamo humo na matambiko hufanyika humo. Hata mti ukianguka wenyewe, unaachwa uoze palepale.

Mjomba alikuwa Kilosa mjini kutibiwa macho wakati alipokuja mama mmoja, Dokta Anna, mtafiti wa wadudu kutoka chuoni. Barua za wilaya na za kijiji anazo. Mwenyekiti akaniomba mimi nimtembeze mlimani, maana mimi ndiye niliyeonekana sina shughuli.

Sikumwamini hata kidogo.

Mtu mzima mwenye digrii zake, jua la saa sita, anakimbiza vipepeo na wavu? Nimekaa machimboni, nawajua watu wanaotafuta madini huku wakijifanya wanatafuta kitu kingine. Halafu kila akisimama anatoa kifaa cha GPS, anabonyeza.

Alipokwenda mtoni kunawa, nikanyanyua begi lake nipime kama lina mawe. Jepesi kabisa. Badala ya kutulia nikazidi kuogopa. Kama hachukui mawe, basi anachukua ramani. Vijiji vingine nilivyopita, waliokuja kupima walifuatiwa na alama za X nyekundu za bomoabomoa kwenye kuta za watu.

Akaniuliza kama kuna msitu ambao haujawahi kuguswa. Nilisita. Lakini nikajiambia nikimpeleka mwenyewe nitaona anafanya nini. Tukaishia ukingoni, makaburini hatukuingia.

Pale ndipo alipomnasa mdudu mmoja. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, mabawa ya kijivu yenye ukingo rangi ya kutu, mwili wa bluu inayong'aa. Ni nondo, ila wa aina hiyo huruka mchana. Yule mama alikaa chini kwenye majani. Akasema miaka yote ya kazi yake hajawahi kumwona.

Nikawaza: huyu ama anasema kweli, ama ni mwigizaji hodari.

Mjomba aliporudi, maneno yalimfikia kabla hajashuka kwenye pikipiki. Binamu yangu Shabani, mwalimu wa sekondari na mtu wa maneno makali, alishasema mbele za watu, "Msafiri wetu karudi na wateja."

Mjomba akamwita Dokta Anna barazani, ukoo mzima tukiwepo.

Yule mama akafungua kiboksi chake, nondo wamechomwa pini wamepangwa. Akaeleza kwamba ili aina mpya itambulike duniani, lazima mmoja ahifadhiwe milele na aandikwe alivyo, mabawa, rangi, kila kitu. Na kwamba wanaofanana kwa nje hutofautishwa kwa kuangalia viungo vya uzazi kwenye hadubini.

Mama mdogo akashtuka. "Yaani mwanangu umesoma mpaka uzeeni uje uangalie nyeti za kipepeo?"

Baraza zima likaangua kicheko. Dokta Anna naye akacheka. "Ndiyo hivyo mama, na mshahara nalipwa."

Mjomba hakucheka.

"Ukishaandika," akauliza, "nani atakuja baada yako?"

Yule mama akafunga kiboksi chake. Akakiri kwamba kuna watu hununua wadudu adimu, na kuna ofisi zikisikia kuna kiumbe cha pekee huja na mipango yao. Kwa hiyo akaahidi: ataandika wilaya tu, jina la kijiji wala vipimo vya GPS havitatokea. Mjomba akampa mkono.

Ikapita zaidi ya mwaka. Nikaanza kufyatua matofali.

Kisha siku ya hitma ya bibi, watu wamemaliza kula, Shabani akatoa simu. Alikuwa amepata PDF ya ule utafiti. Akasoma Kiingereza, akatafsiri. Kijiji hakikutajwa. GPS haikuwepo. Mama wa watu alitimiza ahadi.

Halafu akafika kwenye shukrani mwishoni.

Jina langu. La kwanza, la baba na la babu. "Kwa kutuongoza hadi kwenye msitu wa ukoo wake."

Wakuu, wilaya yetu si jiji. Mtu akishuka Kilosa au Mikumi na kulitaja jina hilo, kabla soda haijaisha ameshaonyeshwa mlango wa mjomba.

"Dalali hajifichi siku hizi," Shabani akasema. "Anashukuriwa kwa Kiingereza."

Nilimpigia Dokta Anna palepale, spika ikiwa wazi. Alivyosikia, sauti yake ikabadilika. Alidhani ananipa heshima. Akaomba radhi, ila akasema maelezo ya aina mpya yakishachapishwa hayafutiki. Anaweza kuongeza masahihisho, lakini ya mwanzo yatabaki.

Nikakata simu. Hakuna aliyenitazama. Nikawa nawaza gari la kwanza la kunirudisha Mikumi.

Mjomba akaniambia, "Kile kiwanja cha barabarani, sahau."

Nikaitikia ndiyo mjomba.

"Utajenga juu, pale njia inapoingia msituni. Umewaonyesha wao, basi ukae pale. Atakayekuja kumtafuta huyo mdudu akukute wewe kwanza. Ukiondoka tena na begi lako, kiwanja kinarudi kwa ukoo."

Shabani akaanza kupinga. Mjomba akamwinulia mkono.

Basi nimejenga huko juu. Vyumba viwili na bati. Nimebeba kila tofali kwa baiskeli mpaka kilima, kisha begani. Kuna siku nasikia honi za malori kwa mbali, miguu inaniwasha, natamani hata nifike Ruaha tu na kugeuza. Siendi. Pikipiki ngeni ikinguruma bondeni natoka nasimama njiani, na swali langu ni lile lile nililomuuliza yule mama kimoyomoyo siku ya kwanza: wewe hasa unatafuta nini?

Nilichojifunza: mtu akikuomba umwongoze, mbane mapema kuhusu jina lako vilevile unavyombana kuhusu eneo. Shukrani nayo ni anwani.

Wenye uzoefu na watafiti, au mnaojua sheria inasemaje kuhusu misitu ya ukoo, shusheni maoni hapa, nasoma yote. Ila atakayekuja PM kuniuliza huyo nondo anaitwaje na anapatikana kijiji gani, ajue simjibu, na jina lake nitaliandika pembeni.