Musiguse Gari Yangu

Mutu akishindwa kwa sababu ya motere, naelewa. Pine za gari zikikatwa na mawe ya volkano, naelewa pia; hapa Goma ata viatu vinakatwa. Lakini kushindwa kwa sababu ya huruma ya watu? Hapana, bwana! Hiyo ndiyo ilinimaliza.

Sisi wenye kushindana kwa magari hapa ni watu wa kawaida tu: mwenye farmasi, mwalimu, mimi fundi wa madirisha. Mbio za kufika Rutshuru tunaziota tu. Tunazunguka barabara za mawe nyuma ya Keshero siku ya mapumziko, kila gari inaondoka kwa zamu yake. Sheria zetu ni chache, ila moja ni kali: kutoka mwanzo hadi mwisho, mutu wa nje asiguse gari. Akikusukuma, umetoka. Na shofere akishuka kusukuma gari ya mwenzake, wote wawili wametoka.

Sasa jaribu kuwaeleza watu wa Goma jambo hilo. Kwetu gari ikikwama, inakuwa ya wote. Mara ya kwanza nilikwama kwenye matope ya kilima cha mwisho cha njia yetu, na kabla sijatia gia ya nyuma nikaona kwenye kioo wamama wametua mizigo yao ya makala ya kupikia, wanakuja mbio.

"Mama, musiguse! Musiguse gari yangu!"

"Nyamaza, mutoto wangu," mumoja akanijibu. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wakanisukuma vizuri sana, wakanipa na baraka juu. Muamuzi akafuta jina langu.

Mara ya pili, kilima kilekile, alikuwa mutu wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Aliacha viazi vyake vimwagike barabarani ili anisaidie. Unamukasirikia vipi mutu kama huyo? Na unajua nani alikimbia kumwita muamuzi? Mwenye farmasi, aliyekuwa anangoja zamu yake karibu na hapo. "Ameguswa! Ameguswa!" Nilitaka kumumeza muzima.

Nyumbani muke wangu alikuwa amechoka kuliko mimi. Ili gari iwe nyepesi nilikuwa nimeng'oa kiti cha nyuma, na kwa kukosa pa kukiweka, kikakaa saloni. Wageni wanakikalia, mikaba yake ya usalama bado inaning'inia. Padri alikuja kubariki nyumba, akakaa hapo, akauliza kama na yeye ajifunge. Tulicheka wote isipokuwa muke wangu.

Padri alipoenda, muke wangu akaniambia, "Papa, unisikilize. Mara hii ufike. Ata ukiwa wa mwisho, ufike tu. Usipofika, hiki kiti kinarudi mu gari, na gari inaenda kufanya teksi. Mbio zimeisha."

Nikakubali.

Basi kabla ya siku yenyewe nilipita nyumba kwa nyumba kwenye kile kilima, naomba kama mutu anayetafuta kura: mukiniona nimekwama, munitazame tu, kwa jina la Mungu.

Siku ikafika, nikakwama palepale. Na walitazama! Wamama walifunga mikono kifuani, sura zimekunjamana kama watu wa kwenye kilio. "Yesu wangu, tumuache tu hivi?" "Alitukataza." Mudogo wa muke wangu, aliyekaa pembeni yangu kunisomea njia, alishuka nami. Tukapanga mawe chini ya pine kwa mikono yetu wenyewe, tukatoka. Kilima kizima kikapiga vigelegele. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Ilibaki kona moja na muteremuko.

Kwenye kona, gari ya mwenye farmasi ilikuwa imeingiza pine ya mbele mu mutaro, motere inalia bure. Njia yangu ilikuwa wazi. Nasema wazi kabisa! Shemeji alikuwa ananipigia kelele, "Pita, pita!"

Sijui niwaeleze namna gani. Nilishuka. Sikumufikiria muke wangu, sikufikiria kiti, sikufikiria kitu. Nilishituka mikono yangu iko tayari kwenye buti ya gari yake, bega limekaza, na yeye ametoa kichwa dirishani analia: "Usiguse! Weye, usiguse gari yangu!"

Gari ikatoka. Muamuzi alikuwa amesimama hapohapo na bendera yake. Akatufuta wote wawili.

"Ulifika?" muke wangu aliniuliza mulangoni.

"Sikufika."

"Nani tena alikusukuma?"

"Hakuna. Ni mimi nilisukuma. Gari ya mwenye farmasi."

"Ule aliyekushitaki?"

"Ule ule."

Akaniangalia, akaingia ndani. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni, hasira ya mikono yangu mwenyewe. Lakini ahadi ni ahadi. Nikachukua spana zangu, nikaingia saloni kubeba kile kiti, nikamukuta amekaa katikati yake.

"Simama, mama, nikitoe."

"Na wageni watakaa wapi?" akasema. Akavuta mukaba, akajifunga.