Kiota cha Tumbusi Njia ya Segese

Mama Limi wa Kolandoto anauza vitenge minadani, mimi nauza sufuria, na tunapanda lori moja. Sisi wengine tukishakaa juu ya marobota tunasinzia au tunasengenya watu. Yeye anatazama juu. Akiona mwewe au tai, anatoa simu na kumpigia dereva kelele asimame.

"Mwewe anamaliza vifaranga wako, nawe unampiga picha kama mtoto wa kipaimara!" nilimwambia. Alicheka, akapiga nyingine.

Mwaka huu aliwapenda tumbusi wawili, ndege wala mizoga, waliojenga kwenye mti wa mgunga, kabla ya kufika Segese. Walikuwa na kinda. Kila tulipopita alimpiga picha, na aliapa kumwona akiruka mara ya kwanza.

Picha zile hakuna aliyezijali, mpaka alipokuja mnadani Mwigulu, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, akaziona simuni.

"Shikamoo, mayu. Hawa wanakaa wapi?"

"Marahaba, mwanangu."

Maskini, Mama Limi alivyofurahi! Alimweleza daraja, mti, hata muda wanaotua. Mimi nilikuwa pembeni napanga sufuria, nikaona ni maongezi tu.

Safari iliyofuata, lori liliposimama pale, Mama Limi alitangulia kushuka, mara nikasikia akipiga ukunga. Tumbusi wote wawili walikuwa chini ya mgunga, karibu na mapande ya nyama ya mbuzi yanayonuka dawa ya kupe. Vichwa vimekatwa. Juu kiotani, kwenye miiba asikofika mtu, kinda alinyoosha shingo akingoja kulishwa. Nimechinja kuku maisha yangu yote, lakini pale niligeuza uso. Tulipanda tena lori, tukaenda mnada wa Nyarugusu.

Mwigulu alitupokea mbio, soda mkononi, kifuko cha ngozi shingoni.

"Wabeja sana, mayu! Kichwa cha tumbusi nakilalia, kinanionyesha dhahabu ndotoni. Duara letu kule shimoni limetema dhahabu! Soda yako hii. Wenzangu wanauliza, picha nyingine huna?"

Mungu wangu! Alikuwa anashukuru kwa moyo mweupe kabisa. Na simuni mlikuwa na picha za tai waliojenga nyuma ya nyumba ya Mama Limi mwenyewe, mimi nawajua.

"Sina," Mama Limi akasema, akaificha simu ndani ya kanga. "Nilikuwa na hao tu."

Tulipokuwa tunarudi, dereva alipunguza mwendo karibu na mgunga, kwa mazoea. Kinda alikuwa bado amesimama kiotani.

"Twende," alisema Mama Limi, kanga ameivuta hadi machoni.